Ruhusa Zote, kwa Siku Moja Tu

Mimi ni mtu wa hasira za haraka. Wanaonijua pale Shinyanga mjini watakwambia hivyo kabla hawajakwambia kwamba ni fundi wa kompyuta. Ukiniletea laptopu ambayo neno lake la siri umelibandika kwenye karatasi juu ya kioo, nitakufokea kwanza, halafu ndipo nitaitengeneza. Nimefukuza wateja kwa tabia hiyo. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba kosa ninalotaka kulieleza halikufanywa na mtu asiyejua. Lilifanywa na mtu aliyekuwa akiwasema wenzake kutwa nzima.

Mambo yenyewe yalianza siku mke wangu alipokuwa anarudi kutoka Dar es Salaam kwa ndege ya Mwanza, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Nilikuwa naifuatilia kwenye simu, kwenye zile tovuti zinazoonyesha ndege zilizoko angani, kila moja kialama kidogo kinachosogea juu ya ramani. Ndege ikafika usawa wa Singida, ikapotea. Nikangoja, wapi. Baadaye alinipigia kutoka Mwanza, mzima kabisa, akaniuliza mbona sauti yangu ni ya mtu aliyefiwa.

Nilipotafuta sababu nikaduwaa zaidi. Kumbe kila ndege hujitangaza yenyewe kwa redio, karibu kila sekunde: namba yake, mahali ilipo, kimo chake angani. Na ramani zile hazijazwi na serikali, hujazwa na watu wa kawaida tu waliofunga antena juu ya mapaa yao, wakapokea matangazo hayo na kuyagawa mtandaoni. Ulaya vialama vilijaa mpaka hupati pa kuweka kidole. Kwetu hakukuwa na antena hata moja, kwa hiyo kwenye ramani hakukuwa na ndege hata moja. Iliniuma jamani, kana kwamba watu wametuchukulia anga.

Basi nikafunga yangu, nyumbani Kolandoto, juu ya bomba refu la maji. Chini yake nikaweka kompyuta ndogo isiyozidi kipande cha sabuni, na pembeni yake kidude cha redio cha kuchomeka kama flashi. Kazi ya kupokea na kugawa hufanywa na programu kadhaa, na kila moja niliifungia ndani ya kontena lake. Si kontena la bandarini. Ni kama chumba ndani ya kompyuta: programu inakaa humo na inaona kile tu ulichoiruhusu ione. Ya kupokea mawimbi niliipa kile kidude cha redio, basi. Ya kugawa niliipa mlango mmoja wa kutokea nje, basi. Hakuna iliyoruhusiwa kugusa diski isipokuwa kipembe kidogo cha kazi yake, na hakuna iliyopewa mamlaka ya mwenye mashine. Programu hizi zimeandikwa na watu nisiowajua sura. Ikitokea moja ikaharibika, iharibu chumba chake, isiniharibie nyumba.

Mke wangu alikuwa akinicheka, eti nazibana programu kuliko ninavyowabana watoto. Nami nilikuwa najibu kwa majivuno kwamba watoto nawajua wametoka wapi.

Kolandoto antena iliona vizuri upande wa mashariki na kusini. Upande wa Geita ilikuwa kipofu, hasa kwa zile ndege ndogo zinazoshuka kwenye viwanja vya migodini. Ndipo nikamkumbuka dada yangu mkubwa. Yeye ameolewa Rwamgasa, na shemeji yangu ana mwalo pale, yaani uwanja ambako wachimbaji wadogo huleta mawe yao yasagwe kwenye karasha, yaoshwe, dhahabu itolewe. Katikati ya mwalo ule kuna mnara wa tenki la maji, mrefu kuliko kila kitu cha jirani. Nikampigia shemeji. Alikubali, ila kwa sharti moja. Alikuwa amefunga kamera nne kuzunguka uwanja, na mashine ya kuhifadhia picha zake imeunguzwa na radi. Kwa kuwa mimi nakuja na kompyuta, hiyohiyo ibebe na picha za kamera. Nikasema hakuna shida. Nikaenda na diski kubwa.

Pale mwaloni alikuwepo mlinzi, mzee wa Kisukuma kutoka upande wa Kishapu, Kiswahili chake cha kuokoteza, aliyekuwa amelinda kwa shemeji miaka minane. Watu wa mialo wana utaratibu wao ambao niliupenda tangu mwanzo: hakuna anayeshika vyote. Mzee alikuwa na ufunguo wa geti tu. Wa ghala alikuwa nao dada. Mizani ilikuwa ya shemeji, na aliyepima dhahabu siye aliyeichoma. Dada alinisimulia kwamba siku moja aliondoka ghafla kwenda msibani, akamwachia mzee ufunguo wa ghala. Mzee akamfuata kwa bodaboda mpaka Katoro kumrudishia, akisema hataki kulala na kitu ambacho kikipotea ataulizwa yeye. Nilicheka, nikamwambia dada huyo ndiye mtu wa kunifundishia wateja wangu.

Sasa sikia nilichofanya mimi, mwenye mdomo. Nilifunga antena vizuri, nikashuka, nikaketi ghalani kwenye gunia na kuanza kupanga makontena. Bati lilikuwa linawaka. Kontena la kupokea mawimbi likakataa kukiona kile kidude cha redio. Nikarekebisha, likakataa. Nikarekebisha tena, likakataa. Bodaboda wangu alikuwa anapiga honi getini, basi la Kahama linaondoka Katoro saa tisa, na shemeji amenisimamia kichwani anauliza kama fundi kweli ni mimi au amwite mwingine. Damu ikanichemka. Kuna neno moja unaloweza kuandika kwenye maelekezo ya kontena, na maana yake ni kwamba huyu apewe kila ruhusa. Nikaliandika. Na badala ya kulitengenezea kipembe chake cha kazi, nikalikabidhi diski nzima, ileile yenye picha za kamera. Kwa siku moja tu, nikajiambia. Nikifika nyumbani nitaingia kwa mtandao nirekebishe.

Kontena likaamka saa hiyohiyo. Kialama cha kwanza kikatokea, ndege ndogo inashuka upande wa Geita, chini kabisa, ndege ambayo hapo awali hakuna mtu duniani aliyekuwa anaiona kwenye ramani ile. Nilipiga makofi peke yangu. Kabla sijaondoka nilimwita mzee nikamwonyesha taa ya kijani ya ile mashine. Nikamwambia umeme ukikatika na kurudi, taa hii isipowaka, achomoe waya, ahesabu mpaka kumi, achomeke. Alifanya mazoezi mara mbili mbele yangu, akihesabu kwa Kisukuma, polepole, kwa umakini wa mtu anayejifunza kuendesha gari.

Nilifika nyumbani nimechoka, nikalala. Kesho yake wateja walijaa. Wiki ikapita, na mwezi, na msimu wa mvua ukaanza, na lile neno likabaki pale pale. Ndege zilikuwa zinaonekana, kwa nini nihangaike?

Ijumaa moja asubuhi dada akapiga simu analia. Mzee ameiba.

Nilimwambia aseme taratibu. Jana yake alasiri ilinyesha mvua kubwa, watu wote wakakimbilia chini ya mabati, na karibu na mwisho wake umeme ukakatika kidogo ukarudi. Mvua ilipokatika, mifuko kumi na mmoja ya mawe ya kikundi kimoja cha wachimbaji, mawe yaliyosifiwa kwamba yana dhahabu ya kuonekana kwa macho, haikuwepo. Shemeji akafungua kamera. Hakukuta picha ya siku hiyo, wala ya juzi, wala ya siku yoyote. Diski tupu, isipokuwa dakika chache za tangu umeme uliporudi. Akauliza ni nani ameigusa mashine. Na mzee, bila kusita, akasema ni yeye. Taa haikuwaka umeme uliporudi, akachomoa, akahesabu mpaka kumi, akachomeka.

Kwa watu wale hilo lilitosha. Amefungua geti, wenzake wamebeba, kisha amefuta picha. Wachimbaji walimpiga mpaka sungusungu, walinzi wa jadi, walipoingilia kati. Mkutano umepangwa Jumapili baada ya Misa, na ikionekana ni yeye, atatengwa. Aliyezaliwa nje ya Usukumani anaweza kudhani kutengwa ni jambo dogo. Maana yake hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukuuzia chumvi, hakuna wa kukupa hata kaa la moto, na ndugu yako akikusaidia anatengwa naye. Na migodini, mtu akishaitwa mwizi mbele ya mkutano, anayekutana naye njiani hahitaji mkutano mwingine. Dada akasema, "Njoo uisome mashine. Yenyewe iseme."

Na mimi, Mungu anisamehe, niliamini. Nilikasirika mno! Njia nzima, kutoka Kahama, kupita Ushirombo, mpaka Katoro, nilikuwa namlaani mzee yule kimoyomoyo. Nilijiona nimetapeliwa. Nilimsifu, nikamfundisha kushika mashine yangu, kumbe alikuwa anajifunza namna ya kuifuta.

Jumamosi nilimkuta amekaa chini nje ya geti, jicho moja limefumba kwa uvimbe, shati limechanika begani, sungusungu wawili wanamlinda. Ana umri wa baba yangu. Nilimpita bila kumpa shikamoo. Yeye ndiye aliyenisalimia, nyuma yangu, "Mwangaluka, fundi." Sikujibu.

Niliingia ghalani, shemeji nyuma yangu, nikaunganisha laptopu yangu. Kila kontena huandika lilichofanya, mstari kwa mstari, na saa yake. Nilianza kwa kutafuta ni nani aliyeingia akafuta. Hakuna aliyeingia. Nikatafuta amri ya kufuta kutoka kwenye mfumo wa kamera. Hakuna. Nikafungua maandishi ya kontena langu la ndege, hasa kwa kutaka kujua umeme ulirudi saa ngapi.

Saa kumi na dakika arobaini jioni: naanza kazi. Mstari unaofuata: nasafisha mahali pa kazi. Kisha ikafuata orodha. Kamera ya kwanza, faili hili limefutwa. Kamera ya kwanza, faili hili limefutwa. Kamera ya pili. Kamera ya tatu. Niliteremsha kioo, kikateremka, kikateremka, na orodha haikuisha.

Nikarudi juu kabisa, nikausoma upya mstari wa pili, ule wa kusafisha. Aliyeiandika programu ile alikuwa ameipa tabia ya usafi: kila inapoamka, kabla ya kufanya lolote, inafagia kipembe chake cha kazi ianze upya. Tabia nzuri kabisa. Kolandoto inafagia kipembe chake kila siku na hakuna kinachopotea, kwa sababu ndani ya kipembe hicho hakuna kitu cha mtu. Lakini pale Rwamgasa mimi ndiye niliyeiambia kwamba diski nzima ni kipembe chako, na ruhusa zote unazo. Ikafagia.

Halafu nikaona jambo la pili, likanimaliza kabisa. Haikuwa mara ya kwanza. Nilirudi nyuma kwenye maandishi nikakuta wiki iliyopita imefagia, na wiki ile nyingine imefagia mara mbili, kila umeme ulipokatika na kurudi. Tangu siku niliyoifunga, mwalo ule haukuwahi kuwa na kamera za kweli. Zilikuwa zinapiga picha za kuipa programu ya ndege izifute. Hakuna aliyegundua kwa sababu hakukuwa na kitu kilichoibiwa, na watu hawaangalii picha za jana kama jana haikuwa na tatizo.

Shemeji aliniuliza nimeona nini. Nikamweleza. Ilibidi nieleze mara tatu, na dada akaitwa aje asikie. Nilitegemea watanitukana. Nilitaka kabisa wanitukane. Badala yake shemeji akaenda kuurudishia mlango, akarudi, akaketi karibu yangu, na kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake akaniomba niseme mashine imekufa.

Akanipa sababu zake. Wachimbaji walileta mawe yao pale kwa kuwa aliwaahidi kamera. Wakijua kamera zilikuwa hazihifadhi kitu, hatapata tena mteja hata mmoja, na sungusungu humtoza faini anayemsingizia mtu. Mzee si wa pale. Atarudi Kishapu, mambo yatapoa. Nilimgeukia dada, nikijua yeye atampinga. Dada alikuwa anaangalia sakafu. Akasema, "Mdogo wangu, wewe kesho utapanda basi. Mimi ndiye ninayeishi hapa."

Huyu ndiye dada aliyenilea. Nilishtuka. Lakini kilichonishtua zaidi, na hata leo nikikumbuka naona haya, ni kwamba niliketi pale na kulifikiria. Nililifikiria kweli. Nikaanza kujipangia maneno: diski imepata unyevu, diski haisomeki. Nani angebisha? Pale hapakuwa na mtu mwingine anayejua kusoma mistari ile.

Nikaona bora mikono ifanye kitu. Nikafungua maelekezo ya lile kontena na kulifuta lile neno la ruhusa zote. Nikatafuta kwa utulivu ni kwa nini siku ile lilikataa kukiona kidude cha redio. Lilikuwa jambo dogo la namba ya kundi la watumiaji, mstari mmoja. Nikaliachia kidude chake tu, kipembe chake cha kazi tu, na sehemu nyingine zote nikazifunga zisiandikwe. Nikachomoa waya, nikahesabu mpaka kumi, nikachomeka. Likaamka, likafagia kipembe chake kitupu, ndege zikaanza kuonekana. Chai aliyoniletea dada ilikuwa bado ya moto. Muda huohuo niliukosa siku ile kwa ajili ya honi ya bodaboda, na mzee wa watu amevunjwa uso. Nililia, na sioni sababu ya kulificha. Shemeji akadhani nimekubali.

Jumapili watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Wengine walitoka moja kwa moja kanisani na nguo zao nzuri, wengine walitoka mashimoni na vumbi lao. Mtemi wa sungusungu, mtu mwembamba wa makamo mwenye fimbo, aliendesha mkutano kwa Kisukuma, na kijana mmoja mwalimu akatafsiri pale ilipohitajika. Mzee aliketishwa katikati, chini. Shemeji alieleza shitaka. Mzee aliulizwa, akarudia yaleyale bila kuongeza wala kupunguza: alichomoa, akahesabu, akachomeka, hakufuta kitu. Kisha nikaitwa mimi.

Nilikuwa sijaamua, huo ndio ukweli wangu. Nilisimama na yale maneno ya unyevu mdomoni. Nikamwona mzee ananitazama kwa lile jicho moja zima, na usoni hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa ametulia kama mtu ambaye shahidi wake hatimaye amefika. Yaani alikuwa ananingoja mimi.

Nikasema mzee hakufuta, nimefuta mimi. Nikaanza kueleza kontena, ruhusa, diski, nikaona nyuso zinanipotea, nikaacha. Nikawaambia hivi: kuna mgeni alikuja kwangu kuomba kazi ya kufagia chumba kimoja. Kwa kuwa nilikuwa na haraka na hasira, nikampa funguo za nyumba nzima na kumwambia chumba chake ni nyumba yote. Akafagia nyumba yote. Picha za kamera zilikuwa humo, akazitupa pamoja na taka. Alizitupa kila umeme uliporudi, si siku ile tu. Na mzee huyu hakuujua mlango wala chumba. Alifanya nilichomfundisha.

Mmoja wa wenye mawe akauliza kwa ukali, sasa aliyeiba ni nani? Nikamjibu sijui, na hatutajua, kwa sababu picha yake niliifuta mimi. Wakaguna. Mtu mmoja akasema nipigwe mimi basi, na sikumlaumu. Shemeji alikuwa amegeuza uso pembeni.

Mzee akainua mkono. Aliuliza kwa Kiswahili, akinitazama mimi, si mkalimani. "Kwa hiyo nilipochomeka waya, ndipo zilifutika?"

Nikamwambia ndiyo.

Aliitazama mikono yake. Siku tatu alikuwa ameapa kwamba hakufuta kitu, amepigwa na bado akaapa, na sasa aliona kwamba ulimi wake ulisema kweli lakini mkono wake ndio uliofanya. Nikawahi kusema kosa ni langu, mzee, si lako, nikarudia mara mbili, tatu. Sijui kama alikuwa bado ananisikia.

Mtemi alihukumu haraka. Mzee hana hatia. Shemeji atoe ng'ombe mmoja kwa mzee kwa kumwita mwizi. Mimi nitoe mbuzi kwa mkutano. Halafu akaninyooshea fimbo na kusema kwamba jana kuna watu waliniona nikipita getini kama niliyepita jiwe, na kabla sijakaa nimwamkie mzee mbele ya wote waliopo. Nikaenda, nikapiga magoti kwenye matope, nikasema shikamoo. Akasema marahaba, kwa sauti ya chini.

Shemeji alishusha antena jioni ileile kwa mikono yake. Dada hakunisindikiza. Mzee alikabidhi ufunguo wa geti kwa mtemi, akakataa kuendelea na kazi, na nilisikia baadaye kwamba ameelekea Chato kutafuta kibarua ziwani. Nilifarijika. Nilimwambia mke wangu kwamba angalau jina lake limesafishwa mbele ya watu wote, na nilikuwa namaanisha. Ukweli umesemwa, mkutano umesikia, mambo yamekwisha. Nikarudi kwenye kazi zangu.

Miezi miwili baadaye, saa nne ya asubuhi, mteja mmoja alitoka dukani kwangu na nyuma yake akaingia mzee yule. Amekonda, na lile jicho halijafunguka. Nilisimama haraka, nikampa shikamoo, nikamvutia kiti. Alikataa chai. Alitoa ndani ya mfuko wa plastiki simu ya kioo kilichopasuka, akasema si yake, ni ya mwanawe, ameiazima kwa siku moja.

Akanieleza taratibu, akitafuta maneno. Chato alipata kazi ya kulinda nyavu. Alikaa wiki mbili, na mwenye nyavu alimpenda. Kisha siku moja mwenye nyavu akamwita pembeni na kumwonyesha simu. Ilikuwa picha. Mzee akatoka bila kubishana, akaenda Biharamulo. Huko hakufikisha hata siku ya pili, kwa maana picha ilikuwa imeshatangulia. Aliporudi kwao Kishapu akakuta mkewe ameonyeshwa, na kanisani watu wakamwachia benchi zima peke yake.

Akaifungua na kunipa niione. Ilikuwa ya ile Ijumaa, kabla sijafika. Ameketi kwenye matope, damu imemtiririka mpaka shingoni, mtu mwingine haonekani isipokuwa mkono wake uliomshika mzee ukosi wa shati. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa nyekundu kwamba huyu ni mwizi wa mawe wa Rwamgasa, ukimwona toa taarifa, sambaza kwenye makundi yote. Chini ilionyesha kwamba ilikwisha kusambazwa mara nyingi. Mkutano ule wote, wale watu mamia walioniona nikipiga magoti, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepiga picha ya siku ile.

Nikauliza nimsaidie nini. Alishangaa kwamba nauliza.

"Fundi," akasema, "zile za kamera zilikuwa nyingi, na zilifutika zote kwa kuchomeka waya tu. Hii ni moja. Nifutie."

Akavua kofia, akaiweka gotini, akangoja. Nilikuwa na mambo ya kumwambia. Kwamba ile ilikuwa diski moja ndani ya ghala moja, na hii iko mifukoni mwa watu nisiowajua, Geita, Sengerema, Mwanza, na wapi tena. Kidole changu kilikuwa kimeshaigusa ile picha, na kabla sijapata neno hata moja nikawa nimebonyeza, ikaondoka kwenye simu ile. Nikamrudishia.

Aliileta karibu na jicho lake zima. Akapekua mbele, akapekua nyuma, akaona haipo. Uso wake ukafunguka, nikaona meno yake kwa mara ya kwanza tangu siku ile alipokuwa akijifunza kuhesabu mbele ya mashine. Akainuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wabeja, fundi," akasema. "Wabeja sana."

Kisha akaniuliza kama basi la Chato bado linaondoka saa sita.